Mkono wa Mhariri wa Muziki: Kazi Nyepesi Yenye Uzito Wake

Nkome, kata ya Wilaya ya Geita iliyo ukingoni mwa Ziwa Victoria, hufahamika kwa samaki wake na kwa boti zinazovusha watu kwenda Kisiwa cha Rubondo. Upande wa bara imo migodi ya dhahabu. Mahali kama hapa neno "kazi" humaanisha kuvuta nyavu, kuponda mawe na kubeba viroba, na mkono unaouma huhesabiwa kuwa ni mkono uliobeba kitu kizito. Kijana anayeketi chumbani akihariri nyimbo kwa kompyuta hadhaniwi kuwa mtu wa kuumia. Yeye mwenyewe huona haya kukiri kwamba kipanya chenye uzito wa mayai mawili kimemshinda. Ndiyo sababu mtu wa namna hiyo huchelewa kufika kituo cha afya, na kuchelewa huko ndiko kunakomgharimu.

Uzito wa kazi yake haumo katika kifaa anachokishika, bali katika wingi wa miondoko midogo na katika muda mrefu ambao misuli haipati kulegea. Kwaya ikirekodi nyimbo nane, mhariri hukata pumzi za waimbaji, husogeza sauti iliyochelewa, husikiliza, kisha hurudia. Kila sahihisho ni kubofya, kuburuta na kubofya tena. Katika hayo, kuburuta ndiko kubaya zaidi, kwa maana kidole hukandamiza kitufe bila kuachia huku mkono mzima ukisogea. Muziki wa singeli, uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, huenda kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mtu akipanga sauti nne tu za ngoma katika kila pigo, moja baada ya nyingine, dakika moja ya wimbo humdai mibofyo isiyopungua 800.

Miondoko hiyo huishia katika njia nyembamba sana. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna handaki ambalo sakafu yake ni mifupa na paa lake ni utando mgumu. Ndani yake hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva ya kati. Kano zikivimba, au kifundo kikikaa kimepinda kwa saa nyingi, shinikizo hupanda, na kinachobanwa kwanza ni neva, kwa kuwa ndiyo laini kuliko vyote vilivyomo. Ganzi na mchomo kama wa sindano hutokea katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Mara nyingi dalili huanza usiku: mgonjwa huamka, akakung'uta mkono kama mtu anayekausha maji, akapata nafuu na kulala tena. Mkung'uto huo wa usiku ni dalili ambayo mhudumu wa afya hapaswi kuipuuza.

Chanzo kingine kimo katika samani. Kiti cha plastiki kikiwekwa mbele ya meza ya mbao iliyotengenezwa kwa shughuli nyingine, aghalabu meza huwa juu mno. Mabega hupanda, kiwiko huning'inia, na kifundo hupindwa juu ya ukingo mkali wa meza. Hakuna haja ya kununua kiti cha ofisini. Viti viwili vya plastiki vikipachikwa kimoja juu ya kingine, na khanga iliyokunjwa ikawekwa juu yake, humwinua mtu hadi viwiko vyake vilingane na meza; miguu ikikosa kufika chini, kreti la soda huipokea. Kipanya kiwe karibu na mwili, kigasha kizima kiegemee meza, na mwendo uanzie begani. Kompyuta mpakato iinuliwe hadi skrini ifike usawa wa macho, na kibodi ya pembeni itumike.

Hata hivyo, meza nzuri haitamwokoa anayefanya kazi saa sita bila kusimama. Kazi ya uhariri ina bahati moja isiyopatikana kwa mpasua kuni: sehemu kubwa yake ni kusikiliza, na sikio halihitaji kipanya. Mhariri ausikilize wimbo mzima mikono ikiwa mapajani, aandike makosa kwenye daftari, kisha ayasahihishe kwa mkupuo. Sehemu inayojirudia inakiliwe, isichorwe upya. Njia za mkato za kibodi zipunguze mibofyo, na penye kinanda, sauti zipigwe kwa vidole kumi badala ya kuwekwa kwa kidole kimoja. Kila nusu saa asimame dakika chache. Anayevuta nyavu za dagaa usiku na kuhariri mchana ajue kwamba mkono hautofautishi kazi hizo mbili, huzijumlisha.

Wengine hushauri kuhamishia kipanya mkono wa kushoto. Ushauri huo una faida, lakini una historia yake. Daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini, katika toleo la 1713 la kitabu chake kuhusu maradhi ya mafundi, alieleza habari za mwandishi wa hati aliyepoteza nguvu za mkono wa kulia kwa kuandika bila kukoma. Mtu huyo alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na haukupita muda mrefu nao ukapatwa na ugonjwa uleule. Alibadili mkono, wingi wa kazi ulibaki palepale.

Kwa mhudumu wa afya, si kila ganzi ya mkono inayotoka studio imesababishwa na studio. Mgonjwa aweke migongo ya viganja pamoja, vidole vikielekea chini, kwa sekunde 60: ganzi ikiamka katika vidole vilivyotajwa, neva ya kati hushukiwa. Ganzi ikiwa katika kidole cha mwisho, neva nyuma ya kiwiko ipapaswe na ngozi ikaguliwe. Neva iliyonenepa pamoja na baka lisilohisi mguso ni ishara za ukoma, ambao unatibika. Mikono na miguu ikifa ganzi kwa pamoja, aulizwe kuhusu kisukari, na kama anatumia isoniazidi kwa kifua kikuu, ambayo huweza kudhuru neva pale vitamini B6 inapokosekana. Katika ukanda wa dhahabu liongezwe swali moja: je, amewahi kuchoma zebaki, au kuishi karibu na wanaoichoma? Mikono inayotetemeka humwelekeza daktari huko.

Tiba ya mwanzo ni rahisi. Banzi linalonyoosha kifundo huvaliwa usiku kwa wiki kadhaa, na kazi hupunguzwa. Diklofenaki inayonunuliwa duka la dawa ili mtu amalize albamu hutuliza maumivu na kuiacha neva ikibanwa, huku ikihatarisha tumbo na figo. Kuchanja chale juu ya kifundo huongeza hatari ya maambukizi tu. Nafuu isipopatikana, ipo sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe na upo upasuaji mdogo wa kulegeza paa la handaki.

Msuli ulio chini ya kidole gumba ukianza kubonyea, au vitu vikianza kumponyoka, rufaa isingoje. Msuli uliokwisha kunyauka huenda usirudi. Kwa mhariri hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ni wa walioajiriwa, ilhali yeye hulipwa kwa wimbo na hana mwajiri. Safari ya kutoka Geita hadi Bugando, Mwanza, tangu Juni 2025 hupita juu ya daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko. Anayekwenda huko achukue picha ya meza yake ya kazi iliyopigwa kwa simu, akiwa ameketi kama aketivyo kila siku. Itamweleza daktari mengi ambayo mgonjwa mwenyewe hakuyafikiria kuyasema.