Mchwa Nyanda za Juu Kusini: Gharama Isiyoandikwa Kwenye Hesabu ya Nyumba

Na Mwandishi Wetu

Mvua za kwanza zinaponyesha Iringa na Mbeya, kwa kawaida kuanzia mwezi wa Novemba, kumbikumbi huruka usiku na kujazana kwenye taa za veranda. Watoto hufurahi, kuku hushiba, na mwenye nyumba hulala. Wachache hukumbuka kwamba kila jozi ya kumbikumbi inayodondosha mabawa na kuzama ardhini ni mfalme na malkia wanaokwenda kuanzisha koloni jipya la mchwa, pengine hatua chache tu kutoka kwenye msingi wa nyumba.

Kwa mfanyabiashara mdogo aliyeweka akiba yake kwenye nyumba ya kupangisha, gesti yenye bustani, ghala la mahindi au shamba la miti, hili ni suala la fedha. Moto huonekana na mwizi hupigiwa kelele. Mchwa hula kimya kimya kutoka ndani, na siku fundi anapogonga mbao kwa nyundo ikatoa sauti ya utupu, hasara imekwishapatikana. Bandu bandu huisha gogo.

KUMJUA ADUI

Kwanza tusichanganye wadudu. Siafu hupita kwa msafara na kuondoka. Sisimizi hutafuta sukari na makombo, na wengi wao ni maadui wa mchwa. Mchwa ana kiuno kinene kilicholingana na mwili, wakati sisimizi ana kiuno chembamba. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana urefu. Sisimizi mwenye mabawa ana mawili marefu na mawili mafupi. Ukiyajua haya hutauziwa dawa ya mdudu usiye naye.

Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa ni wakulima wa aina yao. Hubeba nyasi na mbao kavu hadi kwenye kiota na kuotesha ukungu juu yake, na ukungu huo ndio unaowasaidia kumeng'enya chakula. Uyoga unaochipua kwenye kichuguu wakati wa masika hutokana na kilimo hicho. Malkia hutaga maelfu ya mayai kwa siku na anaweza kuishi miaka mingi. Kuua mia mbili walioko ukutani hakupunguzi kitu.

Vichuguu vikubwa huonekana zaidi sehemu za chini zenye joto kama Pawaga, Idodi na bonde la Usangu kuliko kwenye baridi ya Kitulo. Lakini mnunuzi wa kiwanja asidanganyike. Wako mchwa wanaoishi chini ya ardhi bila kujenga kichuguu chochote, na kiwanja tambarare kinaweza kuwa nao. Kagua visiki, nguzo za uzio wa jirani na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Kigeuze kwa mti. Kama chini yake kuna udongo mbichi uliofinyangwa, mchwa wapo.

UKOKA WA UANI

Wenye gesti na kumbi za nje hulalamikia ukoka unaokauka kwa mabaka, hasa kati ya Juni na Oktoba ambapo mvua hakuna. Kabla ya kununua dawa, chuchumaa uangalie. Mchwa hufunika nyasi kwa tabaka jembamba la udongo na kula chini yake. Sehemu kubwa ya wanachokula ni nyasi zilizokwisha kufa. Ukoka unaomwagiliwa na usiokatwa hadi mzizini hustahimili. Uliokatwa chini mno na kuachwa na kiu huwa karamu.

Kama kuna kichuguu uani, kibomolewe na kuchimbwa hadi kwenye chumba cha malkia, ambacho ni kama sahani nene ya udongo mgumu katikati ya kiota. Malkia akitolewa, koloni nyingi hufa. Hata hivyo koloni nyingine huwa na malkia zaidi ya mmoja, hivyo rudi ukague baada ya wiki kadhaa. Udongo wa kichuguu usitupwe, maana ni mzuri kwa kufyatulia matofali na hufaa kwenye bustani ya mboga.

Jambo la kuepuka ni kumwaga sumu uani kote. Wamarekani walilipia somo hili kwa gharama kubwa. Sisimizi wakali wa kutoka Amerika Kusini, wanaoitwa sisimizi moto, waliingia kwa meli katika bandari ya Mobile, jimbo la Alabama, katika miaka ya 1930. Mwaka 1957 serikali ya Marekani ilianza mpango wa kunyunyizia mamilioni ya ekari za kusini kwa sumu za dieldrini na heptakloro. Ndege na wanyama walikufa, na mwaka 1962 mwandishi Rachel Carson aliuanika mpango huo katika kitabu chake Silent Spring. Sisimizi hawakwisha, na leo wameenea hadi Texas na California. Kilichosaidia zaidi kwenye nyasi za majumbani ni chambo chenye sumu ya polepole, ambacho wafanyakazi wenyewe hukibeba hadi kwa malkia, na kutibu kiota kimoja kimoja.

Chambo cha sisimizi hakimfai mchwa, kwa kuwa vyakula vyao ni tofauti. Ila kanuni ni ileile: fedha ielekezwe kwenye kiota na kwenye njia ya kuingilia nyumbani, isimwagwe juu ya nyasi.

DAWA ZA DUKANI

Zamani mafundi walitegemea aldrini, dieldrini na klordeni, ambazo hukaa ardhini miaka mingi. Kwa sababu hiyohiyo ziliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001, ulioanza kutumika 2004, na Tanzania ni mwanachama. Mtu akikunong'oneza kuwa anayo "ile ya zamani, kali kweli", anakuuzia kosa la jinai pamoja na sumu ya kisima chako.

Wenye maduka ya pembejeo wazingatie jingine. Mwaka 2025 nchi wanachama wa mkataba huo zilikubaliana kuiongeza klopirifosi, moja ya dawa za mchwa zilizozoeleka, kwenye orodha ya kuondolewa, pamoja na misamaha ya muda kwa matumizi fulani. Si busara kujaza stoo bidhaa ambayo njia yake inafungwa. Kabla ya kuagiza, uliza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), ambayo ilichukua kazi za iliyokuwa TPRI chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Mamlaka hiyo ndiyo inayosajili viuatilifu.

Mnunuzi naye asikubali dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda. Chupa isiyo na lebo haina jina, kipimo, tarehe wala tahadhari, na mtoto akiinywa daktari hatajua aanzie wapi. Dawa kama fiproni na imidaklopridi ni hatari kwa nyuki. Katika wilaya zenye mizinga mingi, jirani yako anaweza kupata hasara kubwa kuliko uliyoikwepa wewe.

HESABU YA MBAO

Fedha nyingi zaidi hupotelea kwenye paa na fremu. Mbao ya paini kutoka mashamba ya Sao Hill na ya wakulima wa Mufindi ni nyepesi, imenyooka na inapatikana, lakini mchwa huipenda. Mninga hustahimili zaidi, ila bei yake si ya kila mtu, na misitu ya asili haiwezi kubeba mahitaji yote. Faida ya paini ni kwamba hunywa dawa vizuri. Ikiingizwa kwenye mtungi wa shinikizo, dawa hupenya ndani na mbao hutoka na rangi ya kijani.

Tupige hesabu ya mfano, na msomaji aweke tarakimu zake. Tuseme mbao za kenchi na papi za nyumba ya vyumba vinne zinagharimu shilingi 1,500,000 bila dawa, na zenye dawa zinaongezeka asilimia 20. Nyongeza ni shilingi 300,000. Mwenye nyumba anaona ni nyingi, anaacha.

Tuseme mwaka wa 6 paa limeliwa na mwenye nyumba analazimika kulijenga upya. Mbao ni shilingi 1,500,000 tena, kama bei haijapanda. Fundi wa kushusha na kupandisha bati ni 600,000. Wapangaji wanne wanaolipa 50,000 kila mmoja wamehama miezi miwili, hiyo ni 400,000. Jumla ni shilingi 2,500,000, zaidi ya mara 8 ya zile 300,000 zilizookolewa. Bado hatujahesabu mpangaji mzuri ambaye hakurudi.

Oili chafu inayopakwa kwenye nguzo hubaki juu juu. Nguzo ikipasuka, mchwa hupita kwenye ufa, na oili huharibu udongo na maji.

KUIJUA MBAO YENYE DAWA

Soko lina ujanja. Rangi ya kijani inaweza kupakwa kwa brashi. Omba kipande kimoja kikatwe katikati, mbali na ncha, mbele yako. Kama ukijani umeishia kwenye ngozi na ndani ni mweupe mtupu, umeuziwa rangi. Kwenye nguzo, kiini cha katikati hupenya kwa shida, lakini pete ya nje lazima iwe imelowa dawa pande zote. Wilaya ya Mufindi ina viwanda vya kutibu nguzo, hivyo mfanyabiashara wa Iringa au Mbeya hana haja ya kununua kwa macho yaliyofungwa. Adai risiti na alama ya kiwanda.

Ncha iliyokatwa baada ya kutibiwa isichimbiwe ardhini bila kupakwa dawa upya. Mabaki ya mbao hizo yasitumike kupikia wala kuchoma nyama, kwa sababu dawa nyingi za aina hiyo zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu.

KABLA YA JAMVI

Nafasi nzuri ya kuzuia mchwa huja mara moja, nayo ni kabla ya kumwaga jamvi la zege. Ng'oa visiki na mizizi yote. Ondoa vipande vya mbao za fomu ambavyo mafundi hupenda kuvifukia kwenye kifusi. Udongo utibiwe na mtu anayejua vipimo, mbali na kisima. Jamvi lishindiliwe na kumwagiliwa lisipasuke, kwa kuwa ufa mwembamba unatosha mchwa kupita.

Baada ya kuhamia, acha msingi uonekane. Usirundike kuni, matofali wala udongo wa maua ukutani. Mchwa anahitaji unyevu na giza, ndiyo maana hujenga njia za udongo juu ya ukuta. Kila mwezi zunguka nyumba, na ukiona njia hiyo, ifuate hadi chini kabla ya kuivunja, ujue inatoka wapi.

GHALA NA SHAMBA

Mwenye mahindi aweke magunia juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na tochi. Gunia lililokaa sakafuni huliwa kutoka chini, na mwenye mali hugundua siku ya kupakia lori.

Mwekezaji wa miti akumbuke kuwa milingoti michanga hushambuliwa zaidi kuliko paini, hasa shingo ya mzizi. Panda miche yenye afya mvua zinapoanza, usiikate mizizi, na usifagie shamba likabaki tupu. Mchwa akikosa nyasi kavu, atakula mche.

USHAURI WA WIKI

Anayenunua nyumba iliyokwisha kujengwa apande darini na bisibisi kabla ya kulipa. Anayejenga atenge fungu la mchwa kwenye makadirio ya kwanza, pamoja na saruji na bati. Mwenye duka auze dawa zilizosajiliwa, zenye lebo. Na mwenye gesti amwagilie ukoka wake kwanza, ndipo aulizie bei ya sumu.