Fizi Zikitoka Damu, Usipumzishe Mswaki

Swali ni lile lile: "Daktari, tangu niwekewe vyuma vya kunyoosha meno fizi zinatoka damu. Nipumzishe mswaki kwanza, nisugue ndimu na chumvi?" Hapana. Nimelijibu mara nyingi kliniki, leo nalijibu kwa maandishi.

Kinachoziumiza fizi ni utando wa bakteria unaojificha kati ya braketi (vile vipande vinavyogandishwa kwenye jino kushika waya) na ufizi, mahali ambapo kabla ya vyuma mswaki ulipita bila taabu. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, waliwataka watu 12 wenye fizi zenye afya waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, zilipona kwa takriban wiki moja. Anayeacha mswaki kwa kuogopa damu anazidisha kilekile kinachomtoa damu.

Na ndimu? Tindikali yake inamomonyoa enameli, na kandokando ya braketi enameli iko hatarini tayari. Ndipo yanapotokea madoa meupe yanayoonekana vyuma vikitolewa. Chembe za chumvi nazo zinakwaruza ufizi uliokwisha kuvimba. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yanatuliza shavu lililochubuliwa na waya, nayakubali kwa hilo tu. Utando umeng'ang'ania jino; hauondoki kwa kusukutua, lazima usuguliwe. Wazazi, tafadhali msiwapake watoto ndimu.

Vifaa navyo havilingani. Pete za chuma zinazozungushiwa magego huchokoza fizi kuliko braketi, maana ukingo wake mara nyingi huingia chini ya ufizi. Vifaa angavu vya plastiki huvuliwa, kwa hiyo usafi ni rahisi, lakini huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku: ukivirudisha juu ya meno machafu, umeyafungia uchafu mate yasikofika. Waya unaoachwa nyuma ya meno ya mbele ya chini baada ya vyuma kutolewa hukusanya ugaga, yaani utando uliokwisha kuwa mgumu.

Basi: mswaki laini, dawa ya meno yenye floraidi, nyuzi za mswaki zielekee mpaka wa jino na ufizi, juu na chini ya waya. Kila usiku pitisha brashi ndogo chini ya waya. Ugaga ukwanguliwe kliniki. Usaha ukitoka, au damu isipokoma baada ya wiki mbili za usafi wa kweli, njoo bila kungoja miadi. Na mtu mzima ambaye ugonjwa wa fizi umeshafika kwenye mfupa atibiwe kwanza, ndipo avalishwe vyuma.