Kalisi na Ukimya: Wimbo Mmoja wa Brazili

Katika lugha ya Kireno, kile chombo kitakatifu cha Misa huitwa cálice. Sisi twasema kalisi. Sauti ni karibu zile zile. Lakini katika kinywa cha Mbrazili neno hilo husikika sawa na neno jingine, cale-se, maana yake: nyamaza! Macho yanaona tofauti, sikio haliioni.

Mwaka 1964 maaskari walinyang'anya utawala wa Brazili, wakaushika mpaka 1985. Tarehe 13 Desemba 1968 walitoa amri kali, Amri ya Tano (si ile ya Mungu!), wakafunga na baraza la wabunge. Maneno ya nyimbo yalipaswa kusomwa kwanza na wakaguzi wa serikali. Mwezi ule ule waimbaji wawili, Caetano Veloso na Gilberto Gil, walikamatwa. Mwaka 1969 walihamishwa nchi, wakakaa London hata 1972.

Basi, siku ya Ijumaa Kuu ya 1973, Gil alifikiri mateso ya Bwana Yesu katika bustani ya Getsemani, alipomwomba Baba amwondolee kikombe kile. Akaanza kutunga wimbo, akaumaliza pamoja na mwenzake Chico Buarque. Mtu akisikia kiitikio chake, je, ni sala ya Mkombozi, ama ni sauti ya mkaguzi? Ni yote mawili.

Pengine padri mmoja ataudhika, aseme hawa wamechezea neno la altare. Mimi sioni hivyo. Usiku ule Bwana alisali akijua kwamba wenye silaha wako njiani kumkamata.

Wakaguzi waliukataza wimbo. Mwezi wa Mei 1973, mjini São Paulo, wale wawili walipanda jukwaani wakitaka kuuimba pasipo maneno yaliyokatazwa. Makrofoni ikakatwa. Chico akajaribu nyingine, na nyingine tena. Zote zikazimwa moja moja mbele ya watu.

Mwaka 1974 Chico alijificha nyuma ya jina la uongo, Julinho da Adelaide, na kumbe, nyimbo za huyo Julinho zilipita! Lakini wimbo wa kalisi ulingoja miaka mitano. Ulitoka katika disiki mwaka 1978, Milton Nascimento akiimba mahali pa Gil. Mwisho wa mwaka ule Amri ya Tano ikakoma.