Hesabu ya Kichwa

Watu wengi hudhani kwamba mtu hodari wa hesabu za kichwa amezaliwa na kipawa ambacho wao wamenyimwa. Dhana hiyo ina madhara mawili: humkatisha tamaa mwanafunzi kabla hajajaribu, na humtia haya mtu mzima akaacha kuitumia akili yake katika kazi ambayo angeiweza. Walakini ukizichunguza njia za mahodari hao utaona kwamba aghalabu hawategemei hifadhi ya ajabu, bali hutegemea desturi ya kukifahamu barabara kile kinachohesabiwa, kabla ya kuzigusa tarakimu zenyewe.

Mfano mzuri wa jambo hili ni Thomas Fuller, Mwafrika aliyepelekwa Virginia, Marekani, mwaka 1724 akiwa kijana wa miaka 14 hivi, akaishi huko utumwani karibu na mji wa Alexandria mpaka alipofariki mwaka 1790. Hakujua kusoma wala kuandika. Alijifundisha mwenyewe, kwanza kuhesabu mpaka kumi, kisha mpaka mia, kisha akajipa kazi ya kuhesabu nywele za mkia wa ng'ombe, akapata 2,872, na kutoka hapo akaendelea kupanda daraja. Alipokuwa mzee wa miaka 70 hivi walimwendea waungwana kutoka Pennsylvania kumjaribu, na habari zao ziliandikwa na Benjamin Rush, tabibu wa Philadelphia aliyepinga utumwa na aliyetaka kuwakadhibisha waliodai kwamba mtu mweusi hana akili. Walimwuliza mwaka mmoja na nusu una sekunde ngapi, naye baada ya dakika mbili hivi akajibu 47,304,000. Wakamwuliza tena, mtu aliyeishi miaka 70, siku 17 na saa 12 ameishi sekunde ngapi. Baada ya dakika moja na nusu akawaambia 2,210,500,800. Mmoja wao, aliyekuwa akihesabu kwa kalamu, akasema kwamba mzee amekosea, jumla haifiki huko. Fuller akamkumbusha kwamba ameisahau miaka mirefu, ile ambayo Februari huwa na siku 29. Walipoziongeza siku hizo, hesabu zote mbili zikawa sawasawa.

Yule mwenye kalamu hakukosea kuzidisha. Alichokosea ni kudhani kwamba kila mwaka una siku 365. Siku 17 za miaka mirefu alizozisahau ni sekunde 1,468,800, na kalamu yake haikuweza kumwonya, kwa kuwa kalamu huandika kinachoamriwa tu.

Ama njia zenyewe za kuhesabu, hizo hutokana na udogo wa nafasi tuliyo nayo kichwani. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Kimarekani George Miller alieleza kwamba mtu huweza kushika akilini kwa mara moja vitu kama saba hivi, na baadhi ya watafiti waliomfuata wamepunguza hata kufikia vinne. Kwa hiyo mwenye kujaribu kuifanya kichwani ile hesabu ya daftarini, akianza na mamoja na kubeba moja kwenda kwenye makumi, hulemewa upesi, maana analazimika kukumbuka vipande vingi kabla hajapata picha ya jumla. Afadhali aanze na kilicho kikubwa. Akitaka kujumlisha 367 na 285, aseme mia tatu na mia mbili ni 500. Sitini na themanini ni 140, jumla 640. Saba na tano ni 12, jumla 652. Kila hatua huacha namba moja tu ya kushika, na hata akikatizwa njiani, tayari anajua jibu liko wapi takribani.

Muuza duka naye, akiulizwa bei ya doti saba za khanga, kila doti shilingi 9,800, hana haja ya kuzidisha tarakimu moja moja: doti saba kwa 10,000 ni 70,000, naye ameongeza mia mbili mara saba, yaani 1,400, basi bei ni 68,600. Na mteja akimpa noti ya 10,000 kwa bidhaa za 6,350, hatoi bali hupanda: hamsini kufika 6,400, mia sita kufika 7,000, elfu tatu kufika 10,000, chenji ni 3,650.

Liko pia jambo la kulihakiki jibu. Wanahesabu wa Kiarabu wa zama za kale walijua njia ya kutupa tisa. Chukua 23 mara 47, ambayo ni 1,081. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja: 23 inakuwa 5, na 47 inakuwa 11, kisha 2. Tano mara mbili ni 10, yaani 1. Na 1,081 nayo inakuwa 10, yaani 1. Lau zingehitilafiana, ungejua kwa yakini kwamba umekosea. Lakini kuafikiana si ushahidi kamili, kwani aliyeandika 1,801 kwa kupitiwa atavuka mtihani huo bila ya kushikwa. Atakayemshika ni yule aliyekwisha kujiambia kwamba 20 mara 50 ni 1,000, basi jibu haliwezi kwenda mbali na hapo.

Huenda msomaji akauliza, taabu yote hii ya nini, ilhali simu iliyo mfukoni hutoa jibu mara moja? Simu hujibu ulichoiuliza, si ulichokusudia kuiuliza, na kidole kikiteleza kikaongeza sifuri, italijibu kosa hilo bila ya kusita. Asiye na makisio yake hana cha kupambanisha na jibu hilo, naye atalipa.

Mazoezi hayahitaji darasa. Jedwali la kuzidisha halina budi kuhifadhiwa, maana asiyelijua atamaliza nguvu zake kwenye mambo madogo. Baada ya hapo kila soko ni chuo, na hata baraza la bao: kwenye ubao wa mashimo 32 na kete 64, mchezaji hodari hutazama tu akajua kete yake ya mwisho itaangukia wapi, na kama atakula au atalala.

Na mzazi atakaye kumfunza mwanawe asitosheke na kumwuliza jibu, amwulize amelipataje. Watoto wawili wakifika kwenye 68,600 kwa njia mbalimbali, kila mmoja amweleze mwenzake njia yake, kwa maana jibu hilo ni la khanga za siku hiyo tu, lakini njia watakwenda nayo kwenye hesabu ambazo hakuna mwalimu aliyewahi kuwauliza.