Upepo wa Kiangazi Jangwani

Katika jangwa la Arizona, nchini Marekani, mwezi wa Juni ni mkavu kupita miezi yote. Mbingu hazina mawingu, majani hukauka, na alasiri hewa iliyopata joto hupanda juu, upepo ukavuma kwa nguvu. Mjini Phoenix, tarehe 26 Juni 1990, joto lilifika digrii 50 za Sentigredi. Katika hali kama hiyo cheche moja yatosha kuleta msiba. Tarehe 30 Juni 2013, karibu na Yarnell, moto uliowashwa na radi uligeuzwa ghafula na upepo wa dhoruba, ukawaua wazima-moto 19. Mvua kwa kawaida huja Julai. Kabla yake, yampasa kila mtu kujihadhari na moto.