Kabla ya kumwita fundi, waulizwe wenye shida

WENGI wetu tumewahi kuona kisima kilichochimbwa mahali ambapo hapapiti mtu, au soko lenye vizimba vizuri ambavyo wafanyabiashara wamevikimbia na kurudi kupanga nyanya kandokando ya barabara. Si lazima kwamba fedha ziliibwa. Mara nyingine kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza wahusika mapema.

Hapa Tanzania utaratibu wa kuuliza upo siku nyingi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanza mwaka 2000, uliwataka wananchi wenyewe waibue miradi wanayoihitaji. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 2000 serikali ilianza kuzifundisha halmashauri mpango shirikishi wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao watendaji wamezoea kuuita O&OD.

Wawezeshaji wakifika kijijini, wananchi huchora ramani ya kijiji chao, hutembea kukikagua na huandaa kalenda ya majira. Kalenda hii ndiyo inayomgusa zaidi mkulima. Huonyesha miezi ya kulima, ya kuvuna, ya ghala kuwa tupu, ya ada za shule na ya homa. Mtafiti akiuliza shida kubwa ni nini mwezi Agosti, wakati magunia yamejaa na malori yanatafutwa, huenda akajibiwa barabara. Akiuliza swali hilohilo Aprili, mvua zikinyesha na malaria imepanda, atajibiwa dawa za zahanati. Majibu yote mawili ni ya kweli, na asiyekuwa na kalenda ataandika moja tu.

Suala jingine ni nani anajibu. Dodoso likiishia kwa mkuu wa kaya, mara nyingi anayehesabu muda wa kwenda kisimani ni mtu asiyebeba ndoo. Njia rahisi ni kura ya mbegu. Wanaume wapewe punje tano tano za mahindi na wanawake tano tano za maharage, kila mtu atumbukize katika makopo yenye alama ya maji, zahanati, barabara au soko. Makopo yafunikwe na kuachwa na tundu dogo, asije jirani akachungulia. Zikimwagwa kuhesabiwa, kila mtu ataona wanawake wametaka nini na wanaume wametaka nini, bila mama yeyote kulazimika kusimama kumpinga mumewe mbele ya watu.

Wafanyabiashara wadogo nao husahaulika. Wauza mitumba wengi wa mnadani hawaishi katika kijiji hicho, ingawa ushuru wanalipa na choo wanakihitaji. Hao waulizwe siku ya mnada, palepale kwenye turubai lao.

O&OD ilikuwa na kasoro yake. Vijiji vingi vilitoa orodha ndefu ya mahitaji ambayo halmashauri haikuwa na fedha za kuyatimiza, na mipango ikalala makabatini. Ndiyo maana mpango huo ulipoboreshwa baadaye, mkazo uliwekwa kwenye yale ambayo jamii inaweza kuyaanza yenyewe. Kwa maoni yangu, kosa lingine liko kwenye swali lenyewe. Ukimwuliza mtu "mnataka nini?" atakutajia hata lami. Muulize badala yake, "mwezi uliopita mlikwenda zahanati mara ngapi, na mara ngapi mlirudi bila dawa?" Hilo lina jibu la namba, na namba hiyo diwani anaweza kuibeba hadi kwenye kikao.

Matokeo yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao hupaswa kuitishwa walau kila miezi mitatu na ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Hapo ndipo aliyehesabiwa vibaya anaweza kusema. Kutoka hapo vipaumbele hupelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri.

Muda nao uangaliwe. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, lakini bajeti za halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Kijiji kitakachohesabu punje zake Septemba au Oktoba, watu wakiwa wamemaliza kuvuna na wanapatikana nyumbani, bado kina nafasi ya kuingia kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Kitakachosubiri Mei kitakuta vitabu vimefungwa.