Mmoja iPhone, Mwingine Samsung: Mtaelewana?

Siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu, mume wangu alinikabidhi kiboksi chembamba. Ndani kulikuwa na iPhone 15 ya pinki, imeletwa na shemeji kutoka Marekani. Nikamrukia shingoni, kisha nikakimbia kutafuta pini ya kutolea laini. Nikaigeuza simu upande huu, nikaigeuza upande ule. Hakuna tundu! Kumbe iPhone 15 zinazouzwa Marekani hazina kabisa mahali pa kuweka laini ya kawaida, zinatumia eSIM tu, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe. Na laini yangu ndiyo yenye M-Pesa, hela za kikoba na mawasiliano yote ya kazini. Furaha ikanywea pale pale.

Tulinuniana karibu wiki nzima. Yeye alihisi nimeidharau zawadi yake, mimi nilihisi hela imetupwa. Mwisho akaichukua mwenyewe, akaenda kubadilishiwa laini yake kuwa eSIM, nami nikanunua Samsung Galaxy S24. Ndiyo, mume wangu anatembea na simu ya pinki, na wala hajali.

Basi mpenzi msomaji, nimeishi na hizi simu mbili chini ya paa moja, na zote nimezitumia vya kutosha. iPhone 15 iliingia sokoni Septemba 2023, Galaxy S24 Januari 2024. Kwa Marekani zote zilianzia dola 799. Matoleo mapya yameshazipita, na hapo ndipo sisi wengine tunapopata nafasi ya kuzigusa.

Ukizisoma kwenye karatasi, Samsung anaongoza. Kioo chake ni inchi 6.2 na kinajichora upya hadi mara 120 kwa sekunde. Cha iPhone ni inchi 6.1, mara 60 tu, na ukipitisha kidole haraka utaiona tofauti. RAM ni GB 8 kwa GB 6. Betri ni mAh 4,000 kwa mAh 3,349. Kamera za nyuma S24 ina tatu, megapikseli 50, 12 na 10, na hiyo ya 10 ndiyo inayovuta vitu karibu mara 3. Ukikaa meza ya mwisho ukumbini bado unampata bibi harusi na hereni zake. iPhone ina mbili, ya megapikseli 48 na ya 12.

Lakini karatasi haikwambii yote. Apple ndiye anayetengeneza prosesa, hiyo A16 Bionic, na ndiye huyo huyo anayetengeneza mfumo wa iOS unaoiendesha. Kila kimoja kimeshonwa kwa vipimo vya mwenzake, kwa hiyo GB 6 zile huzioni zikihema, na betri ndogo inafika jioni. Video za iPhone, kwa macho yangu, bado ni tamu zaidi. Samsung yeye anachukua Android ya Google na kuivisha nguo zake, One UI. Unapata uhuru wa kupanga simu upendavyo, ila mipangilio yake ni mingi hadi unapotea. Hata prosesa si moja: S24 za Marekani zina Snapdragon 8 Gen 3, za nchi nyingi nyingine zina Exynos 2400.

Kitu ambacho wauzaji hawakitaji ni umri. Samsung waliahidi S24 itapata matoleo mapya ya Android na ulinzi kwa miaka 7, yaani hadi 2031. Apple hawakutoa ahadi ndefu kama hiyo, ila historia yao inaonekana: iPhone XR ya 2018 ilipata iOS 18 mwaka 2024. Upande mwingine, zile huduma mpya za akili bandia za Apple hazikufika kwenye iPhone 15 ya kawaida. Ukizitaka, anzia 15 Pro.

Sasa tuje chumbani. S24 inafunguka kwa alama ya kidole. Mwenzio akiwa mdadisi, anachukua kidole chako umelala fofofo, anakibandika kwenye kioo, kazi imeisha. iPhone inasoma uso, na kwa mpangilio wake wa kawaida inataka macho yawe wazi na yaitazame. Sisemi una cha kuficha! Mwenye S24 anaweza kuweka mambo yake kwenye Secure Folder na kuifungia kwa namba ya siri tu.

Kuwa na mifumo miwili kwenye nyumba moja kuna usumbufu wake. Apple Watch haifanyi kazi na Android, na Galaxy Watch za karibuni hazikubali iPhone, kwa hiyo kabla ya kununua saa ya zawadi, chungulia kwanza simu ya mpokeaji. Picha mkitumiana kwa WhatsApp zinabanwa, labda uzitume kama dokumenti. Na anayehama mfumo awe makini: nakala ya WhatsApp iliyo Google Drive haifunguki kwenye iPhone, wala ya iCloud haifunguki kwenye Android. Kuhamisha meseji kunawezekana, ila kufanyike wakati unaiwasha simu mpya mara ya kwanza. Shoga yangu mmoja aliruka hatua hiyo, na meseji zote za uchumba wake hazikuhamia.

Ukinunua iliyotumika, angalia tundu la laini kabla ya kutoa hela. iPhone 15 za nchi nyingi zina tundu moja pamoja na eSIM. S24 nyingi zina mawili, ya Marekani moja. Kama ni eSIM tu, uliza kwanza mtandao wako kama unaitoa. Halafu muuzaji aondoe akaunti yake ya Apple au Google mbele ya macho yako, la sivyo unanunua kopo.

Jambo moja limetupatanisha. iPhone 15 ilikuja na tundu la USB-C kama S24, na kwa kuwa zote zinauzwa bila kichwa cha chaja, tulinunua kimoja tu. Ugomvi uliobaki ni nani amechomoa simu ya mwenzake ikiwa asilimia 40. Mara nyingi ni mimi.